Honi Mbili kwa Skuta

Likoni kuna mahali panaitwa Shika Adabu. Si utani, ni jina la wadi kabisa. Na ni huko huko, mbele ya steji ya boda, ndiko nilikogundua kwamba adabu ya barabarani ina mipaka yake.

Nilikuwa na wiki moja tu na skuta yangu, kuukuu, rangi imepauka, lakini inawaka kwa kidole. Nikapita steji nikapiga honi mbili fupi, pi-pi, vile ninavyowaona jamaa wa boda wakisalimiana kutwa. Vijana saba au wanane walikuwa wamekaa kivulini juu ya pikipiki zao. Hakuna aliyejibu. Mmoja akacheka: "Hiyo ni ya kupeleka watoto madrasa, bro." Nyuma yangu ikaja Boxer moja, mwenyewe si mtu wa steji ile, akainua kidevu tu. Steji nzima ikamjibu.

Niliudhika, sikatai. Baadaye hasira zikapoa, likabaki swali. Ni nani aliyeamua nani asalimiwe? Na skuta ilikosa nini?

Tuanze na salamu yenyewe. Waendesha pikipiki wa Marekani wana kisa wanachopenda kusimuliana, kwamba mwaka 1904 William Harley na Arthur Davidson, wale wa Harley-Davidson, walipishana njiani wakapungiana mikono, na mtu aliyewaona akadhani ndiyo desturi. Ni hadithi ya kijiweni, lakini inaonyesha jambo moja: huko salamu ni ya mkono. Wao huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hivyo mwenzako anayekuja anapita kushotoni kwako, na mkono wa kushoto unaweza kuinuka kidogo bila taabu. Ufaransa nako, anayekupita hunyoosha mguu kukushukuru kwa kumpisha.

Sisi Mwingereza alituachia upande wa kushoto. Mwenzako anapita kuliani, na mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta. Ukiuachia, chombo kinapoteza nguvu hapo hapo. Ndiyo maana salamu yetu ni ya kidevu, ya honi, ya taa. Na taa haina salamu tu. Ukitoka Changamwe kuelekea Magongo, ukamulikwa mara mbili mchana kweupe, unajua kuna askari mbele, au trela limelala barabarani, au dizeli imemwagika kwenye kona. Salamu yetu ina habari ndani yake. Tena mwenye skuta ya otomatiki hana klachi, kwa hivyo mkono wake wa kushoto una kazi ndogo kuliko wa mtu yeyote pale barabarani. Kama kuna anayeweza kupunga Kenya hii, ni yeye.

Sasa, boda wenyewe walitoka wapi? Chanzo si pikipiki, ni baiskeli. Katika miaka ya 1960, kule mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, vijana walikuwa wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi cha pili. Wakinadi safari zao wakisema border, border, mpaka kwa mpaka, na jina likageuka boda boda. Kazi ikasambaa nchi nzima kwa baiskeli. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, na mambo yakabadilika haraka. Kijana aliyekuwa akikanyaga pedali kutwa akapata injini. Steji zikaota kila kona, Mtongwe, Bombolulu, Mikindani, Miritini.

Hapa ndipo nilipoanza kuwaelewa wale vijana wa Shika Adabu. Ulaya na Marekani, wengi wanaopungiana ni watu waliotoka Jumapili kustarehe. Kwetu ni watu waliotoka kutafuta. Wengi hawamiliki hata hicho wanachoendesha. Jioni lazima kiasi fulani kimfikie mwenye pikipiki, au mkopo ulipwe, ndipo kinachobaki kinunue unga. Katika miaka ya karibuni, hesabu za NTSA zimekuwa zikionyesha waendesha pikipiki na abiria wao zaidi ya elfu moja wakifa kila mwaka kwenye barabara za nchi hii. Mtu anayefanya kazi ya namna hiyo anapomwinulia mwenzake kidevu, hamwambii "mambo" peke yake. Anamwambia: nimekuona, mpaka sasa uko hai, na mimi pia. Nikajiuliza, mimi ninayekwenda kazini na kurudi na begi la kompyuta mgongoni, nina haki ya kudai hilo?

Lakini undugu huo una upande mwingine, na tukiuficha tutakuwa tunadanganyana. Machi 2022, kwenye Barabara ya Profesa Wangari Maathai kule Nairobi, kundi la waendesha boda lilimzingira mwanamke aliyekuwa ndani ya gari lake na kumdhalilisha. Video ikasambaa, serikali ikatangaza msako wa nchi nzima, na hata huku pwani watu wasiohusika kabisa waliogopa kutoka na pikipiki zao. Kile kile kinachofanya steji nzima imjibu mgeni kwa kidevu, ndicho kinachofanya steji nzima ikimbilie ajali kabla ya kuuliza nani mkosa. Wenzetu ni wenzetu, wengine ni wengine. Ukishachora mstari huo, utaukuta kwenye salamu, na siku moja utaukuta kwenye kipigo.

Na mstari wa skuta si wetu hata. Umechorwa kwingine. Skuta tunayoijua ilizaliwa Italia mwaka 1946, baada ya vita, kiwanda cha Piaggio kilipohitaji kitu cha kuuza badala ya ndege. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na hakuzipenda pikipiki. Aliona zinachafua nguo na ni taabu kuzipanda. Akaifunika injini, akaweka nafasi ya miguu mbele, mtu akae kama yuko kitini. Ikaitwa Vespa, yaani nyigu. Mwanamke aliyevaa sketi angeweza kuipanda bila kupandisha nguo, na kwa wanaume fulani hilo lilitosha kuiondoa kwenye daraja la "pikipiki halisi". Uingereza nako, mwaka 1964, vijana wa skuta na vijana wa pikipiki kubwa walipigana hadharani kwenye fukwe za miji kama Margate na Brighton. Walikuwa na nguo tofauti, muziki tofauti, kazi tofauti. Chombo kilikuwa alama tu ya ugomvi wenyewe.

Sisi tuliirithi dharau hiyo bila hata kujua wale vijana waligombania nini. Na pwani hii hii tuna ushahidi wa kinyume. Vuka uende Unguja. Vespa imezunguka Mji Mkongwe miaka na miaka, na wazee wa heshima wenye kanzu na kofia wameipanda kwenda sokoni na msikitini. Nenda ukawaambie kwamba hicho si chombo cha wanaume.

Kisha kuna jambo ambalo huwa nalisema nikitaka kuchokoza steji. Miaka miwili tu baada ya Vespa, mwaka 1948, Piaggio walichukua wazo lile lile, wakaliongezea gurudumu la tatu na sehemu ya mzigo nyuma. Wakaiita Ape, kwa Kiitaliano nyuki. Unamjua nyuki huyo. Ndiye tuktuk. Chungulia tuktuk yoyote inayotoka Kongowea na magunia ya viazi, hutaona usukani wa gari, utaona mkono wa skuta na mafuta ya kuzungusha. Tuktuk ni skuta iliyojengewa nyumba. Sasa waambie watu wa Kisauni kwamba tuktuk si chombo cha kazi.

Na hiyo Boxer iliyoitikiwa na steji nzima? Ni ya Bajaj. Kampuni hiyo ya India ilijijenga kwa skuta. Ilitengeneza Vespa kwa kibali cha Waitaliano, kisha ikatoa skuta yake, Chetak, mwaka 1972, na kwa miongo mingi familia nzima za India zilipanda hiyo: baba mbele, mtoto amesimama katikati, mama nyuma. Kwa hivyo kijana wa Boxer anayeicheka skuta amekalia mtoto wa skuta, anamcheka mzazi.

Kuna siku nilimtolea hoja hizi fundi mmoja, mtu mzima, mikono yote grisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, lakini mwanangu, haina gia." Na kweli, ukiwauliza wengi, hapo ndipo mstari ulipo. Gia ni ujuzi. Umejifunza klachi, umezimikiwa mlimani na abiria mgongoni, umeaibika, ukaweza. Skuta unazungusha tu mkono unaondoka.

Nilikubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Ila wakati hauko upande wake. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa usafiri wa umeme hapa hapa Mombasa, na pikipiki za umeme zilikuwemo. Sasa unaziona kwenye steji, reflekta ni ile ile, abiria ni wale wale. Hazina klachi. Hazina gia za kubadilisha. Unazungusha mkono unaondoka. Hata ule mlio uliozipa jina, piki-piki-piki, hauko tena. Kama gia ndiyo kitambulisho, basi kijana wa boda anayebadilisha betri amejifukuza mwenyewe kwenye ukoo. Nilipomwambia fundi hivyo alicheka. Akasema, "Huyo ni wa steji, tunamjua." Basi, hatimaye tukafika kwenye ukweli. Si gia. Ni kujuana.

Na kama ni kujuana, pwani ilishaweka kanuni kabla ya injini kuja. Wengi wetu tuliifundishwa chuoni tukiwa wadogo: aliyepanda mnyama ndiye anayeanza kumsalimu anayetembea, anayetembea huanza kwa aliyekaa, na wachache huanza kwa wengi. Iangalie vizuri kanuni hiyo. Haiulizi umepanda nini, farasi au punda. Inaangalia nani yuko juu, na inamtwika mzigo wa kuanza, kwa sababu aliyeko juu ndiye mwepesi wa kujiona. Tena hailengi wenye wanyama wasalimiane wao kwa wao. Inampa salamu yule asiye na kitu, anayekwenda kwa miguu.

Kwa mizani hiyo, wale vijana walikosea, na mimi pia nilikosea. Mimi nilipiga honi kuomba niingizwe kundini. Salamu ya hapa haiombi kiingilio. Nilipita mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kichwani hatua kumi kabla ya steji ile, na wala sikumwona. Yeye ndiye niliyepaswa kuanza naye.

Ukitaka kuona kanuni hiyo ikifanya kazi, nenda feri. Asubuhi pale Likoni, pikipiki zote husukumwa mbele pamoja: Boxer, TVS, skuta ya mwalimu, boda ya umeme, tuktuk zimebanwa kando, na bahari ya watu wa miguu ikijaa pande zote. Kwa dakika chache hakuna anayemshinda mwenzake mbio. Wote mnabebwa. Hapo utasikia "salama?", utasikia "habari ya asubuhi, mzee", mtu anamshikia mwingine mzigo apate kufunga kamba. Hakuna anayetazama chini kuona umekalia nini. Lango likifunguka upande wa pili, kila mtu anapiga moto, na madaraja yanarudi.

Juzi nilikuwa narudi kutoka Mtongwe, jioni, nimechoka. Nikaondoka kwenye duka bila kuangalia, nikashika barabara. Nyuma yangu boda ikaja kwa kasi, imebeba mama mwenye buibui na mtoto. Nikajua ananipita tu. Alipofika ubavuni akapiga honi, akanyoosha mguu kuelekea chini ya skuta yangu na kupiga kelele: "Oya! Stendi!"

Stendi ilikuwa chini. Mbele palikuwa na kona ya kushoto, na kila aliyewahi kuendesha anajua chuma hicho kikigusa lami ukiwa umelala kwenye kona, kinakufanya nini. Nikaipandisha kwa kisigino. Nikainua mkono wa kushoto kumshukuru, ule usio na kazi. Yeye hakuwa na habari tena na mimi. Alishageuka kumwambia abiria wake, "Mama, vuta buibui, linaingia kwenye gurudumu."

Siku hizi nikifika Shika Adabu napunguza mwendo. Naanza na wanaotembea. Kisha steji, pi-pi. Siku nyingine wananijibu, siku nyingine hawanijibu. Na nikimwona yeyote ameacha stendi chini, wa Boxer au wa skuta, nampigia kelele mpaka asikie.