Uhakiki wa Viraka vya Awali vya Maunzi katika Kerneli ya Linux

Uhakiki wa viraka vya awali ni kazi ya kupima, mstari kwa mstari, msimbo unaoletwa ili kerneli ya Linux itambue maunzi mapya, ilhali msimbo wenyewe haujakamilika. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, inayosimama kati ya programu na chuma. Kiraka ni maandishi yanayoonyesha mistari ipi ya msimbo itolewe na ipi iongezwe. Anayekipokea ni msimamizi wa sehemu inayohusika: wa grafiki, wa mtandao, wa vikatizo, wa prosesa za Arm na wengineo. Kiraka ambacho mwenyewe anajua bado ni kibichi hubandikwa alama ya RFC, yaani ombi la maoni, na hapo kila mtu huelewa kwamba hakijaombewa kuingizwa.

Mgeni katika kazi hii hudhani kwamba upungufu ndio utakaomkataza. Sivyo. Kinachotiliwa shaka ni kiendeshi (msimbo wa kuendesha kifaa) kinachozaliwa na meno yote, na wazee walikuwa na jina la mtoto wa namna hiyo: kigego. Kampuni ya AMD ilikuja kulijua hilo. Mwaka 2016 ilileta msimbo wa kuendesha skrini za kadi zake mpya za grafiki, karibu mistari 100,000, ulioandikwa ndani ya kampuni na kuzungushiwa tabaka lake lenyewe ili utumike pia kwenye mifumo mingine. Kadi zilifanya kazi. Hata hivyo, Desemba mwaka huo Dave Airlie, msimamizi wa grafiki, aliukataa. Tabaka lile lingewafunga mikono wasimamizi wengine wote: kila ambaye angetaka kurekebisha jambo la pamoja angelazimika kwanza kujifunza lugha ya AMD. Kampuni ilirudi mezani, ikapunguza na kupanga upya, na msimbo ukaingia katika toleo la 4.15, lililotoka Januari 2018. Kama ungeletwa vipande vipande tangu mwanzo, nadhani ugomvi ungekuwa mdogo zaidi.

Basi mhakiki anatafuta nini katika kazi ambayo nusu yake haipo? Kwanza hutenganisha yanayoweza kurekebishwa kesho na yasiyoweza. Kiendeshi kinachokwenda polepole kitaharakishwa. Kisichojua kuzima umeme wa kifaa kitafundishwa, mradi leo kikatae waziwazi kinapoulizwa badala ya kujibu kwamba kimezima. Lakini mti wa vifaa haufutiki kirahisi. Hilo ni faili la maelezo linaloiambia kerneli kwamba katika bodi hii mlango wa serieli uko anwani fulani na kikatizo chake, yaani ishara ya kuiita prosesa, ni namba fulani. Likishasambaa kwenye mashine za watu, kerneli zote zijazo zinatarajiwa kulisoma vilevile. Ndiyo maana mistari kumi ya mti wa vifaa huweza kujadiliwa wiki nzima, na maelfu ya mistari ya kiendeshi yakapita kwa maoni mawili matatu.

Mfano ulio wazi wa haya ni chipu ya M1, ambayo Apple iliizindua Novemba 2020 bila kutoa nyaraka zozote za kuwasaidia watu wa Linux. Januari 2021 kampuni ya Corellium ilikwisha kuonyesha Ubuntu ikifanya kazi kwenye Mac mini yenye chipu hiyo. Msimbo ulioingia katika kerneli rasmi, hata hivyo, ni wa Hector Martin, mwanzilishi wa mradi wa Asahi Linux, nao ulifanya mambo machache zaidi: mlango wa serieli, vikatizo, kuamsha viini vyote vya prosesa, na picha ya skrini iliyoachwa tayari na programu ya kuwashia. Uchache huo ndio uliowezesha kila kipengele kuchambuliwa.

Tazama suala la prosesa kuviandikia vifaa. Prosesa inapokiandikia kifaa, inaweza kufanya kama mtu anayemkabidhi kondakta mzigo stendi kisha akaenda zake nyumbani. Au inaweza kusubiri hadi aliyetumiwa apige simu kusema umefika. Kwenye prosesa za Arm, Linux ilizoea njia ya kwanza. Vifaa vya ndani ya M1 huikataa: mzigo usiosubiriwa hurudi kama hitilafu. Lakini vifaa vinavyounganishwa kwa njia ya PCIe kwenye chipu hiyohiyo vinataka ile njia ya kwanza. Njia ya mkato ilikuwa kutia ubaguzi wa Apple ndani ya kila kiendeshi. Baada ya mjadala uliovuka matoleo kadhaa ya viraka, kati ya Februari na Aprili 2021, ikapatikana sifa mpya ya mti wa vifaa, nonposted-mmio, pamoja na kazi mpya ya kerneli ambayo hata chipu nyingine inaweza kuitumia.

Vikatizo navyo vilikuwa na mkasa wao. M1 haitumii kidhibiti cha vikatizo cha kawaida cha Arm, na saa zake hugonga kupitia mlango wa FIQ, wa vikatizo vya haraka, ambao Linux ya Arm ya biti 64 haikuwa ikiushughulikia. Uwezo huo ulijengwa kwanza katika kerneli ya wote, kisha kidhibiti cha Apple kikaegemea juu yake. Kwa mlango wa serieli hakikuandikwa kiendeshi kipya kabisa: saketi yake ina ukoo na chipu za Samsung, zilizokuwa ndani ya iPhone za mwanzo, kwa hiyo kiendeshi cha Samsung kilichokuwapo kiliongezewa tu.

Kwa msimbo unaofanya kazi lakini umeandikwa vibaya kuna ua wa nje, saraka ya staging, iliyofunguliwa na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, mwaka 2008. Kila kiendeshi kinachokaa humo hutakiwa kuwa na orodha ya kazi zilizobaki, na anayekipakia huona kerneli yake ikitiwa alama ya doa. Si makazi ya kudumu. Viendeshi vya Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft, vilivyoletwa na kampuni hiyo mwaka 2009, vilisafishwa vikahamia ndani; vya Android vilikosa wa kuvishughulikia, vikaondolewa, vikarudi baadaye.

Toleo la 5.13, la kwanza kuitambua M1, lilitoka tarehe 27 Juni 2021. Aliyeliwasha kwenye Mac mini aliona maandishi ya kuwaka yakipita kwenye skrini hadi mwisho. Diski ya ndani, USB na grafiki havikuwamo.