Miezi Mitatu ya Matt Talbot

Kijana mmoja wa misioni yetu alikuja kwangu siku moja akinuka lutuku, naye akilia. Nilimwapisha palepale asionje kileo tena mpaka kufa. Siku ya tisa alilewa, na kwa haya akanikimbia mimi na kanisa vilevile. Tangu hapo nimejiuliza kama sikumtwisha mzigo usiomfaa. Mtu aliyenifungua macho ni Matt Talbot wa Dublin, mji mkubwa wa Irlandi.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, katika nyumba ya watoto 12 na baba mlevi. Mwaka uleule alikufa Padri Theobald Mathew, ambaye tangu 1838 aliwaapisha Wairlandi maelfu kwa maelfu, mkutano mzima kwa mara moja, waache pombe. Lakini wengi waliirudia. Umati haumsindikizi mtu mpaka nyumbani jioni.

Matt alipokuwa na miaka 12 aliajiriwa na wauza mvinyo, kazi yake kujaza chupa. (Mtoto akiwekwa humo, nani atashangaa?) Upesi akaanza kurudi nyumbani amelewa. Ikapita hivyo miaka 16, mshahara wote ukiishia katika kinywaji. Hata walimwibia maskini wa barabarani fidla yake, yaani zeze la Ulaya, wakaiuza, wakanywa.

Mwaka 1884 alikosa kazi juma zima. Jumamosi, siku ya mshahara, akasimama karibu na baa akiwangoja rafiki aliowanywesha mara nyingi. Walipita, asimwalike hata mmoja. Basi akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuapa. Mama akamwonya asiape kama hana nia ya kushika. Akaenda seminari ya Clonliffe, akaungama kwa padri, akaapa: si kwa maisha, bali kwa miezi mitatu tu.

Wengi hupenda kusimulia minyororo aliyokutwa nayo mwilini alipofariki. Mimi naona miezi ile mitatu inatufaa zaidi. Ilikuwa mateso matupu. Jioni, saa alizozoea kunywa, alitembea kutoka kanisa hata kanisa. Siku moja alishindwa, akaingia baa. Mhudumu alikuwa na watu wengi, hakumwangalia, naye akatoka. Toka siku ile hakuchukua tena fedha mfukoni. Muda ulipotimia akaongeza mwingine, kisha akaapa kwa maisha. Yule mpiga fidla alimtafuta mjini amlipe. Asimwone, akatoa fedha Misa zisomwe kwa ajili yake. Alikufa njiani akienda Misa, tarehe 7 Juni 1925, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alithibitisha ushujaa wa fadhila zake.

Juma lililopita nilimkuta yule kijana sokoni. Alitaka kukimbia tena. Nilimshika mkono, nikamwuliza: «Mwanangu, waweza kukaa siku ngapi bila lutuku?» Akafikiri kitambo. «Mpaka Dominika, mwalimu.» Tumepatana hivyo, naye atapita kwangu kila jioni.