Hatua Elfu Kumi

Kwa miaka 38 kazi yangu ilikuwa kuwahesabu wengine. Kila asubuhi, kwanza nikiwa mwalimu wa kawaida na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu, daftari la mahudhurio lilipita mikononi mwangu, nami nilijua nani yupo na nani hayupo. Sikutazamia kwamba uzeeni nami ningehesabiwa, tena si siku kwa siku, bali hatua kwa hatua.

Mambo yalianza mwaka 2022, daktari aliponieleza kuwa sukari imepanda katika damu yangu, na kwamba pamoja na dawa sina budi kutembea kila siku. Tangu mama watoto alipofariki, miaka miwili kabla ya hapo, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi barazani. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam alipopata habari akapiga simu. "Baba, nakununulia saa ya kuhesabu hatua. Itanitumia kwenye simu yangu umetembea kiasi gani na moyo unapigaje. Nitakuwa nakuona." Nilimshukuru, nikamwomba anipe muda nichague mwenyewe. Ukweli ni kwamba neno lile "nakuona" lilinichoma.

Mwalimu wa historia akitakiwa kuchagua kitu, kwanza huuliza kimetoka wapi. Kuhesabu hatua si jambo geni. Warumi wa kale walipima masafa kwa hatua, na neno maili, ukilifuata hadi asili yake, ni "elfu" ya Kilatini: hatua elfu moja, kila moja ikihesabiwa pale mguu uleule unapokanyaga tena.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwalimu mwenzangu, Nain Singh, wa milima ya Himalaya. Serikali ya Waingereza huko India ilitaka ramani ya Tibet, nchi ambayo wageni walikuwa wamefungiwa mlango. Ofisa mmoja wa upimaji, Thomas Montgomerie, akawafundisha wenyeji wa milimani kutembea kwa hatua zisizobadilika urefu, kwenye mwinuko na kwenye mteremko. Mwaka 1865 Nain Singh aliondoka akijifanya msafiri wa kawaida, mkononi ameshika tasbihi. Tasbihi ya Kibudha huwa na punje 108. Yake ilikuwa na punje 100 tu. Kila hatua mia alisogeza punje moja. Januari 1866 akafika Lhasa, na mwaka 1877 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya dhahabu. Piga hesabu, msomaji: punje 100 kwa hatua 100. Tasbihi ikizunguka mara moja, ni hatua 10,000.

Nambari hiyo hiyo ndiyo niliyoikuta kwenye saa za leo, lakini imeingia kwa mlango mwingine. Tokyo iliandaa michezo ya Olimpiki mwaka 1964, na mwaka uliofuata kampuni ya Yamasa ikauza kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Nambari ilikuwa kamili, rahisi kukumbuka, ikapendwa, ikasafiri dunia nzima hata ikachukuliwa kuwa amri ya waganga.

Sisemi kwamba kutembea hakuna faida. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi. Makondakta ndio waliougua moyo kidogo zaidi. Na mwaka 2019, I-Min Lee na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake karibu 17,000, wastani wa umri wao miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache, pungufu kwa asilimia 41, kuliko waliotembea hatua 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Hapana shaka mgonjwa naye hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, hivyo hesabu kama hizi zataka uangalifu. Hata hivyo, laiti ningezisoma mapema.

Maana saa yangu ya kwanza niliinunua kwa haraka, katika duka moja mjini, kwa sababu ilikuwa rahisi na muuzaji alikuwa na maneno matamu. Jioni moja niliketi nikipukuchua mahindi. Niliponyanyuka, saa iliniandikia hatua mia sita. Kesho yake nikasukuma toroli la mbolea hadi shambani, jasho likanitoka, na saa ikanipa hatua chache mno. Nikaelewa siri yake: ndani yake mna kijidude kinachohisi mtikisiko wa mkono. Mguu hakiujui. Mkono ukicheza, umetembea. Mkono ukitulia kwenye mpini, umelala.

Hapo ndipo nililofanya, ambalo sijamwambia mtu. Usiku mmoja saa ilionyesha 9,300. Goti lilikuwa limevimba, nami nilikuwa nimeketi. Nikaanza kuutikisa mkono hadi zikatimia 10,000. Mimi, niliyewaadhibu wanachuo kwa kuitika "nipo" badala ya wenzao waliotoroka! Nilijionea aibu pale kitini, peke yangu.

Asubuhi nilichukua kamba, nikapima mita 100 barabarani. Zamani, tulipowafundisha wanachuo kupima uwanja kwa miguu, mita 100 zilikuwa hatua zangu 134. Sasa zilikuwa 158. Nilisimama nikiitazama kamba ile kwa muda. Hatua zangu za uzeeni ni fupi. Hata nambari ikiwa ileile, safari si ileile.

Basi nikachagua upya, na nitakuambia nilivyochagua. Kwanza nilitaka tarakimu kubwa, nisome bila miwani. Pili, betri ya kudumu wiki nzima, kwa kuwa umeme wetu una tabia zake. Tatu, isiharibike kwa maji. Nne, niweze kulipunguza lengo mwenyewe, nimeliweka 6,000. Ina pia taa ya kijani mgongoni, inayomulika ngozi na kusoma jinsi damu inavyojaa kwa kila pigo la moyo. Ninaitazama, lakini siifanyi daktari. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji ruhusa, nikatembea hatua 100 nikihesabu kwa mdomo. Saa ikasema 97. Nikasema, huyu mwanafunzi amefaulu.

Lililobaki lilikuwa la binti yangu. Ningeweza kuiunganisha saa na simu yake. Badala yake nilimpigia Jumapili jioni, nikamsomea nambari za siku saba, moja baada ya nyingine, pamoja na Jumatano niliyotembea 1,900 tu. Akauliza, "Jumatano kulikuwa na nini, Baba?" Nikamwambia ilikuwa tarehe aliyofariki mama yake. Akanyamaza, kisha tukazungumza kwa karibu saa nzima, kama hatujazungumza tangu msiba.

Oktoba 1967, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 200. Sikumbuki mtu yeyote kuuliza ni hatua ngapi. Tuliuliza amefika wapi, na yuko na nani.

Kila Jumapili jioni bado namsomea binti yangu nambari zangu. Nikichelewa, hupiga yeye. Jumapili iliyopita nilikuwa na 41,200 kwa wiki, pungufu ya lengo langu kwa mia nane. Nilimwambia hivyohivyo ilivyo.