Alienda Kula Bata Mediterania, Akarudi na Mshkaji, Mama na Shemeji

Siku hizi ukiona mtu kaposti picha yuko juu ya meli, nyuma yake bahari ya bluu, pembeni rafiki yake kavaa miwani ya jua, unajua moja kwa moja kwamba watu wanazunguka Mediterania. Barcelona, Marseille, Naples, Athens, Istanbul. Mnalala mji huu, mnaamka mji mwingine, na wala hamjafungasha begi. Wengi wanadhani starehe hii ni ya juzi juzi tu. Kumbe kuna jamaa aliila bata hiyo mwaka 1867, kabla simu haijabuniwa na kabla hata Mfereji wa Suez haujafunguliwa.

Jamaa alikuwa na miaka 31. Hana mke, hana nyumba, anaishi kwa kuandika magazetini, na sifa yake kubwa ilikuwa kuchekesha watu. Alipanda meli bila kutoa hata senti ya nauli. Akarudi baada ya miezi mitano na watu watatu ambao hawakuwemo kwenye ratiba: mshkaji waliyekaa naye chumba kimoja, mama wa kumfunda, na kijana ambaye baadaye angemwita shemeji. Wawili kati ya hao walibaki naye maisha yote. Mmoja waliachana vibaya sana.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Samuel Clemens. Dunia inamjua kwa jina la Mark Twain.

Meli ya kivita yageuzwa meli ya starehe

Meli yenyewe iliitwa Quaker City. Ilikuwa meli ya mvuke yenye magurudumu makubwa ubavuni ya kukata maji, na matanga yake ya kusaidia. Miaka michache kabla ilikuwa vitani, upande wa serikali, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyoisha 1865. Sasa watu wa kanisa moja maarufu la Brooklyn wakapata wazo ambalo Marekani lilikuwa halijazoeleka: kukodi meli nzima, kuijaza watu wanaofahamiana au wanaotaka kufahamiana, kuwazungusha Ulaya na Mashariki ya Kati, kisha kuwarudisha nyumbani kwa meli ile ile.

Kabla ya hapo watu walisafiri Mediterania, ndiyo. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ya Uingereza ilimpa mwandishi Thackeray tiketi ya bure, akafika Athens, Jerusalem na Cairo, akarudi akaandika kitabu. Lakini meli nyingi za wakati ule zilikuwa kama basi tu: zinabeba barua, mizigo na watu wenye shughuli zao. Wazo la meli kuwa ndiyo hoteli, na safari yenyewe kuwa ndiyo shughuli, lilikuwa jipya kabisa.

Nauli ilikuwa dola 1,250 kwa mtu mzima, na abiria walishauriwa kutenga dola 5 za dhahabu kwa kila siku ya kutembea nchi kavu. Pesa hiyo enzi hizo si mchezo. Na pesa peke yake haikutosha, maana kulikuwa na kamati ya kuchuja nani anafaa kupanda. Ili kuvuta watu, yalitajwa majina mawili makubwa: mchungaji Henry Ward Beecher, mhubiri staa wa zama zile, na Jenerali Sherman, shujaa wa vita. Mwisho wa siku wote wawili hawakwenda.

Twain yeye alilipiwa na gazeti la San Francisco, Alta California. Mkataba ulikuwa rahisi: sisi tunakulipia nauli, wewe tuandikie barua kutoka kila unakofika, kila barua dola 20. Kwa lugha ya leo, alipewa udhamini ili aposti. Na kuhusu ile kamati ya kuchuja, nahodha Duncan alikuja kusimulia baadaye kwamba Twain alifika ofisini ananuka pombe, na rafiki aliyekuja naye akamtambulisha kuwa ni mchungaji wa Kibaptisti! Twain alipita.

Mshkaji wa chumba kimoja

Meli iliondoka New York Juni 1867. Twain alikuta wasafiri wengi ni watu wazima, wenye pesa zao, wacha Mungu, wanaokusanyika kila jioni kwa sala. Kwa kijana aliyelelewa na mto Mississippi na migodi ya magharibi, hiyo ilikuwa miezi mitano mirefu.

Aliyemwokoa ni Dan Slote, mfanyabiashara wa New York aliyetengeneza madaftari. Huyo ndiye waliyepangiwa chumba kimoja. Dan alivuta sigara, alikunywa mvinyo, hakujali sala, na alikuwa na moyo mkubwa. Hata kabla meli haijaondoka, Twain alishawaandikia watu wa nyumbani kwa furaha kwamba kapata mwenzake wa chumba anayefanana naye. Chumba chao na vile vya jirani vikawa kijiwe. Daktari wa meli naye akajiunga, na vijana wawili watatu waliochoka kukaa na wazee.

Vituko vyao vilianza mapema. Paris, ambako mwaka huo kulikuwa na maonesho makubwa ya dunia, walipata mtembezaji ambaye jina lake liliwashinda kulipenda, wakaamua kumwita Ferguson. Basi kuanzia hapo kila mtembezaji waliyemkuta, awe Mtaliano au Mturuki, alikuwa Ferguson. Wakabuni na mchezo mmoja wa kuwatesa. Watembezaji walizoea watalii kushangaa kila kitu, kwa hiyo hawa jamaa wakakubaliana kutoshangaa chochote. Walipofika Genoa wakaoneshwa mwandiko wa Christopher Columbus, daktari akaukagua na kulalamika kwamba mwandiko ni mbaya. Wakioneshwa sanamu ya mtu mkubwa wa zamani, wanauliza kwa sura kavu kama huyo bwana ameshafariki.

Ugiriki mambo yakawa mazito kidogo. Kipindupindu kilikuwa kinatembea, meli ikawekwa karantini, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Acropolis inaonekana kwa mbali, na wao wamekwama baharini. Usiku Twain na wenzake watatu wakatoroka kwa mashua, wakakatiza mashamba ya watu, wakaiba zabibu njiani, wakafika juu na kuziona nguzo za Parthenon chini ya mwezi. Wangekamatwa wangeweza kuishia jela. Walirudi kabla hakujakucha.

Mwezi huo huo wa Agosti meli ikapanda hadi Yalta, kwenye Bahari Nyeusi, na abiria wakapokelewa na Tsar Alexander II wa Urusi. Hotuba ya kumsalimia Tsar iliandikwa na nani? Na yule yule aliyeingia kwenye meli kama mchungaji feki.

Mama wa melini

Kati ya abiria alikuwemo Mary Mason Fairbanks wa Cleveland, mke wa mmiliki wa gazeti, ambaye naye alikuwa akituma barua zake nyumbani. Alimzidi Twain miaka michache tu, lakini Twain alimwita Mama, na aliendelea kumwita hivyo mpaka uzeeni. Mama Fairbanks alisoma alichoandika Twain na kumwambia wazi pale alipovuka mipaka. Kijana mkali wa matusi akaanza kujifunza kuchekesha bila kutukana.

Si kila mtu melini alifaidi somo hilo. Waliporudi New York Novemba 1867, Twain aliandika gazetini makala ya kuwakejeli wasafiri wenzake, akaifananisha safari nzima na msafara wa mazishi. Wengi walikasirika. Mama Fairbanks alimkemea, lakini hakumwacha.

Picha ndogo ndani ya kabini

Sasa tuje kwa yule kijana. Charley Langdon alikuwa na miaka 17 meli ilipoondoka, mtoto wa tajiri wa makaa ya mawe kutoka Elmira, jimbo la New York. Wazazi walimtuma safari akakue kidogo. Kama vijana wote, akampenda yule kaka mcheshi na kuanza kumganda.

Twain mwenyewe alikuja kusimulia uzeeni kwamba Septemba 1867, meli ikiwa kwenye ghuba ya Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir, aliingia kabini ya Charley akaoneshwa picha ndogo iliyochorwa kwenye pembe ya ndovu. Ilikuwa picha ya dada yake Charley, Olivia. Twain alisema tangu siku ile hakuwahi kutoka akilini mwake. Wako watafiti wanaohisi mzee aliinogesha stori. Lakini kilichofuata kina ushahidi wa kutosha.

Desemba mwaka huo huo familia ya Langdon ilikuja New York, na Charley akawakutanisha. Olivia alikuwa na miaka 22, mpole, afya yake dhaifu. Wakaenda pamoja na familia kumsikiliza Charles Dickens akisoma kazi zake jukwaani. Twain alipomtamkia ndoa, akakataliwa. Akaambiwa abaki kuwa kaka tu. Wangapi yamewakuta hayo? Yeye hakukata tamaa, akaandika barua juu ya barua, huku Mama Fairbanks akimshauri namna ya kwenda nalo.

Baba mkwe naye alitaka kujua: huyu mtu ni nani hasa? Akaomba majina ya watu wa magharibi wanaomfahamu, akawaandikia. Majibu yakarudi, na yalikuwa mabaya, mengine yakitabiri kwamba jamaa ataishia kuuawa na pombe. Kwa mujibu wa Twain, mzee Langdon alimuuliza kama kweli hana hata rafiki mmoja hapa duniani. Twain akakiri kwamba inaonekana hana. Mzee akamwambia basi yeye mwenyewe atakuwa rafiki yake, na amchukue binti. Harusi ilifungwa Elmira tarehe 2 Februari 1870.

Miezi michache kabla ya harusi, Julai 1869, barua za safarini zilikuwa zimetoka kama kitabu, The Innocents Abroad. Ndani ya mwaka mmoja kiliuza nakala zaidi ya 70,000. Umaskini wa mwandishi wa vichekesho ukaishia hapo.

Na Dan je?

Urafiki na Dan uliendelea kuwa wa moto baada ya safari. Twain alifikia nyumbani kwa kina Dan akiwa New York. Mwaka 1873 Twain alisajili ubunifu wake wa albamu yenye kurasa zilizopakwa gundi tayari, unalowesha tu na kubandika vipande vya magazeti. Kampuni ya Dan ndiyo iliyoitengeneza na kuiuza, na ilitoka vizuri sokoni.

Halafu pesa ikaanza kusema. Mwaka 1878 kampuni ya Dan ilianguka muda mfupi baada ya kukopa kwa Twain. Twain akavumilia. Mwaka 1880 Dan akamvuta kwenye biashara nyingine, mbinu mpya ya kutengeneza picha za kuchapa vitabuni iliyoitwa Kaolatype. Twain akamwaga hela. Alipomtuma ndugu wa ukoo kukagua hesabu, ikaonekana fundi aliyeletwa kupitia kwa Dan alikuwa anawala mchana kweupe, na Twain akaamini kwamba Dan naye alimwibia.

Dan alifariki Februari 1882. Twain hakwenda kuzika. Alimwandikia Mama Fairbanks kwamba laiti Dan angekufa mwaka mmoja na kidogo nyuma, angehudhuria na kumlilia sana. Sasa machozi yake kayaokoa. Mtu waliyecheka naye miezi mitano, wakaumwa na bahari pamoja, wakabatiza kila mtembezaji Ferguson, akazikwa bila yeye.

Meli za starehe zilikuja kuwa biashara kubwa. Mwaka 1891 Wajerumani wakaipeleka meli yao ya kifahari, Augusta Victoria, Mediterania wakati wa baridi ili isikae bure, na mwaka 1900 ikazinduliwa Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa kwa ajili ya safari za starehe tu. Leo abiria wa meli moja wanaweza kuzidi watu 5,000. Ile Quaker City haikufikisha hata 100.

Olivia na Mark Twain waliishi kwenye ndoa miaka 34. Mwisho wa mwaka 1903, afya ya Olivia ikiwa imezorota, mume wake alimpeleka Italia kutafuta hali ya hewa nzuri. Walikwenda Florence, mji ambao Twain aliuona mara ya kwanza mwaka 1867, akiwa kapera, wiki chache kabla ya kuoneshwa ile picha. Olivia alifariki huko huko Florence, tarehe 5 Juni 1904.

Kwa hiyo unapopanga ile safari ya meli na rafiki yako, bandari zote zipo kwenye ratiba na picha zake zipo mtandaoni. Swali ni moja tu: chumba utakaa na nani?