Na mama zao je?

Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliofungua kesi ni mabibi watano waliozaliwa Kongo miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, baba Mzungu, mama Mwafrika. Kabla hawajatimiza miaka saba walichukuliwa kwa mama zao, wakapelekwa misheni ya masista huko Katende, Kasai.

Wakoloni waliita jambo hilo ulinzi wa mtoto. Ukweli ni kwamba waliwaogopa machotara, wakaona mtoto wa Mzungu asilelewe kijijini. Familia zilitishwa ili zikubali. Mtoto mwenye mama, bibi na wajomba akahesabiwa kama aliyetelekezwa!

Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe yuro 50,000, sababu mojawapo ikiwa kukatwa uhusiano na mama yake. Ni haki yao. Lakini uhusiano una watu wawili. Mama aliyebeba mimba, akanyonyesha, kisha akanyang'anywa, alilipwa nini? Waziri Mkuu Charles Michel alipoomba radhi bungeni mwaka 2019, ilikuwa imepita miaka zaidi ya sitini. Ni akina mama wangapi walikuwa hai kuisikia?

Sisi wa magazeti tuna deni hapa. Tukiwahoji waliochukuliwa, tuwaulize pia mama zao waliishije baadaye. Wakiondoka hawa, hakuna atakayejibu.