Magari ya Nyumbani Yaliyogeuka Hazina

Thamani ya vitu haitulii mahali pamoja. Hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na aliyesimama pwani aghalabu hatambui kuwa maji yanajaa mpaka yamemlowesha miguu. Chombo kilichotupwa jana kwa kuwa ni kikuukuu, leo hutafutwa kwa taa; na kilichonunuliwa kwa mali nyingi asubuhi, jioni huenda kisipate mnunuzi. Jambo hili limeonekana katika nyumba, katika sarafu, katika stempu na katika picha za kuchorwa. Katika miaka yetu limeonekana pia katika motokaa, na hasa katika jamii moja ya motokaa ambayo hapo kwanza haikutazamiwa hata kidogo kuwa hazina. Hayo ni magari ya nyumbani, yenye viti vya watoto nyuma na buti la kuwekea mizigo, lakini yaliyotiwa injini kali ili yaende mbio.

Insha hii yataka kueleza magari hayo yalitoka wapi, kwa nini yalidharauliwa, na kwa nini sasa yanagombewa na matajiri. Msomaji asidhani kuwa ni hadithi ya vyuma peke yake. Ni hadithi ya tamaa ya binadamu, kumbukumbu yake, na usahaulifu wake.

Asili yake

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wa Ulaya waliotaka mwendo wa kasi walinunua magari madogo ya watu wawili. Aliyekuwa na mke na watoto alipaswa kuridhika na gari la polepole. Katika mwaka wa 1959 kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilitoa gari lililoitwa Mark 2. Lilikuwa na milango minne, mbao zilizong'arishwa na viti vya ngozi ndani, na lile lenye injini kubwa ya lita 3.8 liliweza kwenda karibu kilomita 200 kwa saa. Polisi wa Uingereza walilitumia kuwafukuza wezi wa benki, na wezi wa benki nao wakalitumia kuwakimbia polisi. Hapana ushahidi bora kuliko huo juu ya ubora wa gari: kwamba mwizi na askari wamekubaliana.

Miaka minne baadaye, mnamo Januari 1963, likatokea gari lililobadili mambo zaidi. Kampuni ya Ford ilikuwa ikiuza gari la bei nafuu lililoitwa Cortina. Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, akalitia injini ya sentimeta za ujazo 1,558 yenye nguvu ya farasi 105, hali Cortina ya kawaida ilikuwa na karibu nusu ya nguvu hizo. Akapunguza uzito kwa kutumia alumini katika milango na vifuniko, akalipaka rangi nyeupe na mstari wa kijani ubavuni. Mwaka wa 1964 dereva mashuhuri Jim Clark alilitumia kutwaa ubingwa wa Uingereza wa mashindano ya magari ya namna hiyo. Watu waliokuja kutazama waliona ajabu: gari lililofanana na la mwalimu au la karani likiyaacha nyuma magari makubwa, na kila lilipokata kona gurudumu moja la mbele likining'inia hewani.

Sheria ya idadi

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana ndipo ulipo ufunguo wa habari yote. Wasimamizi wa mashindano ya motokaa duniani waliogopa kwamba viwanda vitaunda gari moja tu la ajabu, kulishindanisha, na kudai kuwa ni gari la kawaida. Kwa hiyo waliweka sheria: gari halitashindana mpaka kiwanda kiwe kimetengeneza idadi fulani ya magari yaliyo sawa nalo kwa ajili ya watu wote. Wakati wa Cortina hiyo idadi ilikuwa 1,000. Katika sheria iliyoanza mwaka wa 1982 ilikuwa 5,000 kwa mwaka, na kiwanda kikitaka kuliboresha gari lililokwisha kukubaliwa, kilipaswa kutengeneza 500 zaidi.

Sheria hiyo ilizaa magari ambayo hakuna mfanyabiashara mwenye busara angeyaunda kwa hiari yake. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa M3 mwaka wa 1986, yenye injini ya silinda nne na nguvu ya farasi 200. Mercedes-Benz, ambayo ilijulikana kwa magari ya wazee watulivu na ya teksi, iliwaendea mafundi wa Cosworth wa Uingereza wawasaidie kutengeneza kichwa cha injini ya 190 E. Mwezi wa Mei 1984, uwanja mpya wa Nürburgring ulipofunguliwa, mabingwa wa zamani na wa siku zile walipewa magari hayo, yote sawasawa, washindane. Aliyeshinda alikuwa kijana Mbrazili aliyekuwa bado mgeni katika mashindano makubwa, jina lake Ayrton Senna. Mwaka wa 1990 Mercedes-Benz ilitoa toleo la mwisho, Evolution II, yakaundwa magari 502 tu. Nao Ford, mwaka wa 1987, walitoa Sierra Cosworth RS500, magari 500 kamili.

Tuangalie basi kinaya cha jambo hili. Sheria iliwekwa ili mtu wa kawaida aweze kununua gari lile lile alilolitumia bingwa. Lakini idadi ile ile ndogo iliyotosheleza sheria ndiyo iliyoyafanya magari hayo kuwa adimu, na uadimu ndio uliokuja kumfungia mlango mtu wa kawaida.

Sehemu ya Afrika Mashariki

Sifa za magari haya hazikujengwa katika viwanja vya Ulaya peke yake. Mwaka wa 1953 yalianzishwa mashindano ya East African Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, mawe na tope. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba. Mwaka wa 1964 Peter Hughes na Billy Young walishinda kwa Ford Cortina GT. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, watu wa Kenya, walishinda kwa Volvo PV544 ambayo hata haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine kabla yao. Kwa miaka mingi madereva wa ng'ambo walikuja na kushindwa, mpaka mwaka wa 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda kwa Ford Escort RS1600. Joginder Singh akashinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Viwanda viliyapenda mashindano haya kwa sababu mnunuzi aliamini kwamba gari lililostahimili barabara zetu litastahimili popote. Barabara zetu zilikuwa mtihani, na cheti cha kufaulu kikasomwa Ulaya na Japani.

Miaka ya dharau

Sifa, hata hivyo, haikuyalinda magari yenyewe. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao, na katika miezi michache bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne. BMW ilikuwa ndiyo kwanza imetoa 2002 Turbo, gari dogo lenye nguvu ya farasi 170. Nani angenunua gari lenye kiu wakati watu wamepanga foleni za petroli? Yaliundwa magari 1,672 tu, kisha kazi ikaachwa. Jaguar za Mark 2 zikaachwa nje mvuani. Kutu ikala milango na sakafu zake, na wengi wakaona afadhali kuziuza kama vyuma chakavu.

Magari ya miaka ya 1980 yalipatwa na msiba mwingine. Katika Uingereza, Ford za Cosworth zilipendwa sana na wezi. Vijana waliziiba usiku, wakazikimbiza mpaka zikagonga ukuta, au wakazivunja na kuuza injini. Makampuni ya bima yakapandisha malipo hata mwenye gari akashindwa kuyamudu. Mengine yaliuzwa kwa bei ya chini, yakabadilishwa umbo na wenye kupenda mapambo, yakamalizwa katika mashindano madogo ya vijijini. Hivyo magari yaliyokuwa machache tangu mwanzo yakazidi kupungua mwaka hata mwaka, wala hakuna aliyeyalilia.

Kwa nini bei zimepanda

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Mtoto wa miaka 12 aliyebandika picha ya M3 ukutani mwaka wa 1988 hakuwa na fedha. Alipofika umri wa miaka 45 alikuwa na kazi, nyumba na akiba, lakini ile picha haikumtoka moyoni. Anunuapo gari hilo hanunui chombo cha kumfikisha kazini. Hununua ujana wake. Na watu wa rika lake ni wengi kuliko magari yaliyosalia.

Sababu ya pili ni fedha. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka wa 2008, riba za benki katika nchi tajiri zilishuka sana. Mwenye akiba aliona fedha zake zimelala bila kuzaa, akatafuta kitu cha kushikika.

Sababu ya tatu ni sheria ya Marekani, ambayo huruhusu gari lisilotengenezwa kwa kanuni za nchi hiyo kuingizwa likitimiza miaka 25. Magari ya mwaka wa 1990 yaliruhusiwa kuanzia mwaka wa 2015, na kila mwaka mlango hufunguliwa kwa mengine. Wanunuzi matajiri wakaingia sokoni kutoka ng'ambo ya bahari.

Sababu ya nne ni kwamba magari ya sasa yamebadilika. Kompyuta hufanya kazi nyingi zilizokuwa za dereva, na injini za umeme zinachukua nafasi ya zile za petroli. Kitu kinapokaribia kutoweka, ndipo watu huanza kukithamini.

Matokeo yake yalionekana mnamo Februari 2023, katika mnada mmoja wa Uingereza, Ford Sierra RS500 iliuzwa kwa pauni 596,250. Ilipokuwa mpya bei yake ilikuwa karibu pauni 20,000, na katika miaka 35 haikuwa imekwenda hata maili 6,000.

Onyo

Msomaji asikimbilie kudhani kuwa kila gari kuukuu ni dhahabu. Bei ya mnada mmoja si bei ya soko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za magari ya kale zilipanda kwa kasi kama hiyo. Watu wakakopa ili wanunue, wakitumaini kuuza kwa faida mwezi unaofuata. Kuanzia mwaka wa 1990 bei zikaanguka, na waliokopa wakabaki na deni kubwa kuliko gari.

Tena, palipo na faida hapakosi udanganyifu. Cortina ya kawaida inaweza kupakwa rangi nyeupe na mstari wa kijani, ikatiwa injini nyingine, ikaitwa Lotus. Kwa sababu hiyo wanunuzi huchunguza namba zilizopigwa katika bodi na katika injini kuliko wanavyochunguza mwendo wa gari. Thamani imetoka katika kukimbia, imehamia katika karatasi.

Mafunzo yake

Gari lile la mnada lilipata bei kubwa kwa kuwa halikutumika. Lililofanya kazi yake, lililobeba watoto shuleni na kushindana katika tope, limeoza au lina bei ndogo. Je, ni haki mtumishi mvivu apate ujira mkubwa kuliko mtumishi mwaminifu? Soko halijali swali hilo, lakini historia yapaswa kulijali. Jina la magari haya lilijengwa na yale yaliyotumika: na madereva waliohatarisha maisha, mafundi waliolala chini ya magari usiku kucha, na wanavijiji wasiojulikana waliokunja nguo zao na kuyasukuma kutoka matopeni. Hao hawakupata fungu katika fedha za mnada.

Hata hivyo hawakusahauliwa kabisa. Tangu mwaka wa 2003 yamekuwapo mashindano ya East African Safari Classic, ambamo magari ya kale, Escort na Datsun na mengineyo, hurudi katika vumbi lililoyapa jina. Huko gari la kale halitazamwi kwa kioo, hufanya kazi. Na fundi ajuaye kulisikiliza na kulirekebisha kwa mikono yake ni hazina kubwa kuliko gari lenyewe, maana gari laweza kununuliwa siku moja, lakini ujuzi hukusanywa kwa miaka.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Waliouza magari haya kama vyuma chakavu hawakuwa wajinga. Waliyaona kwa macho ya siku zao. Nasi bila shaka tunavyo vitu nyumbani mwetu, vyombo, picha, barua na lugha za babu zetu, tunavyovitupa leo kwa sababu hakuna avitakaye. Tusingoje dalali apige nyundo ndipo tujue thamani yake.