Walipobaki Peke Yao Milimani

Mara nyingi tunapozungumza juu ya kumtumaini Mungu, tunazungumza kama watu waliokwisha kuvuka mto. Mgonjwa amepona, mtoto amefaulu mtihani, mvua imenyesha. Ndipo tunaposimama kanisani kutoa ushuhuda. Ushuhuda wa namna hiyo ni mzuri, lakini haumsaidii sana mtu ambaye bado yuko katikati ya maji. Yeye anataka kujua waliotumaini kabla ya kuuona ukingo wa pili walifanya nini. Sisi wa milima ya Usambara hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Historia ya Kanisa letu imejaa nyakati hizo.

Tumtazame kwanza Johann Ludwig Krapf. Mjerumani huyu, aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Mtu mwingine angepanda jahazi akarudi kwao. Krapf alibaki, na mwaka 1848 alipanda milima hii mpaka Vuga, makao ya Simba Mwene, Kimweri ye Nyumbai. Mtawala huyo alimpokea vema. Krapf akaja tena mwaka 1852, lakini mwaka uliofuata aliondoka Afrika Mashariki akiwa mgonjwa, bila kuacha hata darasa moja Usambara. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake Wakilindi wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hesabu ya binadamu, safari zile mbili zilikuwa hasara tupu.

Ilipita miaka 43 tangu Krapf aione Vuga kwa mara ya kwanza. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo Mlalo. Walitumwa na chama ambacho baadaye kiliitwa Misheni ya Betheli, kwa jina la makao ya wagonjwa aliyoyasimamia Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh huko Ujerumani. Vuga ilipata kituo mwaka 1895, na Bumbuli mwaka 1899. Lutindi palitunzwa watoto waliookolewa kutoka utumwani, na baadaye pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kazi inayoendelea hata leo. Mwaka 1908 Agano Jipya lilitoka kwa Kishambaa.

Tusifiche, hata hivyo, kwamba Injili hii ilikuja wakati mmoja na utawala wa Mdachi. Lushoto iligeuzwa jina ikaitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari. Kodi ya nyumba ikatozwa. Mashamba ya walowezi yakapimwa. Mshambaa aliyebatizwa siku zile alikuwa na kila sababu ya kujiuliza: huyu ni Mungu wa watu wote, au ni Mungu wa Mdachi, atakayeondoka pamoja naye?

Jibu lilipatikana kwa njia ngumu. Vita ilipoanza mwaka 1914, fedha kutoka Ujerumani zilikatika. Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Usambara. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua ulioua watu dunia nzima, na hapa kwetu ulizikuta nyumba zimekwisha kudhoofika kwa njaa. Kisha mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Hakuna aliyeweza kuwaambia Wakristo wa Mlalo au Bumbuli kama wangerudi, wala lini.

Waliobaki na kazi walikuwa walimu. Ninaitamka habari hii kwa fahari, kwa sababu maisha yangu yote nimewafundisha vijana kuwa walimu. Mwalimu wa kijiji wa siku zile hakuwa na cheo kikubwa. Asubuhi alifundisha watoto kusoma na kuhesabu. Jumapili alisoma Neno na kuongoza sala. Mtu akifa, alitangulia kaburini. Mshahara wake, uliokuwa mdogo tangu mwanzo, sasa haukuwa na pa kutoka. Alilima kama wenzake, kisha akaenda darasani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana katika miaka hiyo. Alitusimulia kwamba baadhi ya wenzake waliacha kuja, na hakuwalaumu. Nilipomwuliza walijuaje kwamba Mungu hajawaacha, alisema hawakujua. Walikwenda tu, kwa kuwa mwalimu naye alikwenda.

Nimelifikiri jibu hilo kwa miaka mingi, na sijapata lililo bora zaidi. Sisi hudhani kwamba imani ni kuwa na hakika moyoni kwanza, ndipo mtu atende. Wale walitenda, na hakika ikawafuata polepole. Na yule mwalimu huenda naye alikwenda kwa sababu aliwaona watoto wakimngoja. Hivyo ndivyo watu wanavyobebana.

Wamisionari wa Betheli waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925, walikuta sharika ziko hai. Hapo swali la Mdachi lilikuwa limejibiwa. Lakini sikubaliani na wahubiri wanaosema kwamba Mungu alileta vita ile ili kulikomaza Kanisa. Wapagazi waliokufa njiani nao walikuwa na mama zao waliowaombea. Kumtumaini Mungu si kuita ubaya wema, wala si kupewa ahadi kwamba mwanao atarudi. Ni kutokubali kwamba ubaya huo ndio wenye neno la mwisho.

Jaribu lile lilirudi vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wakawekwa kizuizini. Safari hii Waluteri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini watu wa milima walikuwa wamekwisha kujifunza. Wahenga walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Tarehe 19 Juni 1963, Kanisa la Usambara na Digo lilikuwa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Na tangu mwaka 1976 hadi 1992 mkuu wa Kanisa hilo zima alikuwa mtu wa dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki, Askofu Sebastian Kolowa.

Hata shule, ambazo ndizo zilizolibeba Kanisa, zilichukuliwa na Serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Wazee wengine waliona kwamba mikono ya Kanisa imekatwa. Watoto, hata hivyo, waliendelea kusoma, Wakristo na Waislamu dawati moja, na walimu wengi walikuwa ni wale wale.

Ndugu msomaji, huenda unasoma ukurasa huu ukiwa umefiwa, au umeachishwa kazi, au daktari amekuambia jambo ambalo hujamweleza mtu nyumbani. Sitakuambia kwamba yote yatakuwa sawa, maana sijui. Ninakuomba tu usingoje hakika ndipo uanze. Ifanye kazi ya leo iliyo mbele yako. Huenda yuko mtoto anayekutazama, ambaye atakwenda kwa sababu wewe ulikwenda.